Kusoma Tiba ya Usemi na Lugha Katika Shahada ya Kwanza, Hatua kwa Hatua

Maswali ya wanaoanza ni yale yale kila mwaka. Fani hii ni ya lugha au ya hospitali? Nisipokuwa mzuri wa biolojia nitaiweza? Nikimaliza shahada ya kwanza nitaruhusiwa kutibu watu? Halafu linakuja lile la mwezi wa pili: mbona nasoma sana, lakini nikiwekewa rekodi ya mtoto sisikii kitu?

Tutalijibu hilo la mwisho kwa kirefu, maana ndilo linaloamua mengine yote. Ubora wako katika shahada hii hautokani na wingi wa magonjwa unayoweza kuyataja. Unatokana na kile sikio lako linachonasa, na kama unaweza kukiandika kwa namna ambayo mwingine akisoma ataona kitu kilekile. Mtoto asiyeeleweka, au mtu mzima aliyepoteza maneno baada ya kiharusi, hana namna ya kukusahihisha ukiandika ulichodhani badala ya alichosema. Ukikosea, anayeumia ni yeye.

Kabla hujaanza

Jua kwanza shahada itakufikisha wapi, kwa sababu nchi hazifanani. Marekani, shahada ya kwanza ni msingi wa kuingia uzamili. Cheti cha ASHA, chama cha wataalamu wa huko, kinadai saa 400 za kliniki, na 25 kati ya hizo ni za kutazama tu. Uingereza, Australia na Afrika Kusini, shahada ya kwanza iliyoidhinishwa inaweza kukupeleka kwenye kazi bila kupitia uzamili. Kabla ya kulipa ada, kiulize chuo mambo matatu na uombe majibu kwa maandishi:

- Programu imeidhinishwa na chombo gani cha usajili, na idhini hiyo inaisha lini?
- Ndani ya shahada zimo saa ngapi za kliniki, na nani anatafuta nafasi za mafunzo, chuo au mwanafunzi?
- Mhitimu anasajiliwa na kuanza kazi, au lazima asome tena?

Kuhusu masomo ya nyuma, biolojia ya sekondari inatosha kukuanzisha. Fizikia ya sauti (mawimbi, masafa, desibeli) itakusaidia kuliko wengi wanavyodhani, na takwimu haikwepeki. Kuzungumza lugha zaidi ya moja ni mtaji mkubwa.

Vifaa vya kuwa navyo wiki ya kwanza:

- Kompyuta yenye Praat, programu ya bure ya kuchambua sauti iliyotengenezwa na Paul Boersma na David Weenink wa Chuo Kikuu cha Amsterdam.
- Hedifoni za waya zinazofunika sikio lote. Zile za Bluetooth zinabana sauti, na vikwamizo kama [s] na [f] hupoteza ukali wake.
- Kinasa sauti kinachohifadhi faili za WAV. Simu inafaa ikiwa programu yake inaruhusu WAV.
- Jedwali la Alfabeti ya Kifonetiki ya Kimataifa (IPA) lililochapishwa, pamoja na fonti ya Charis SIL au Doulos SIL kwa kuandikia alama zake.
- Kioo kidogo cha mkononi, tochi ndogo, glavu na saa yenye kuhesabu sekunde.
- Bomba la sindano la ml 10, bila sindano. Matumizi yake yako hatua ya 7.
- Daftari moja la kudumu kwa ajili ya kliniki. Karatasi za kuokoteza hupotea, na zikipotea zimekwenda na siri za watu.

Hatua zenyewe

1. Zoeza sikio kabla ya kusoma magonjwa.

Tenga dakika 20 kila siku kwa unukuzi wa kifonetiki, yaani kuandika sauti kwa alama za IPA kama zilivyotamkwa, kuanzia wiki ya kwanza. Ni bora hivyo kuliko saa tatu za Jumamosi, kwa sababu sikio hujifunza kwa kurudiarudia.

Anza na lugha unayoijua, na hapo ndipo mtego wa kwanza ulipo. Msemaji wa Kiswahili anadhani kwa kuwa tunaandika kama tunavyotamka, basi herufi ndizo sauti. Sivyo. *Sh*, *th* na *dh* ni herufi mbilimbili lakini kila jozi ni sauti moja. *Ng'* ya *ng'ombe* ni [ŋ] peke yake, ilhali *ng* ya *ngoma* ni [ŋ] ikifuatwa na [g]. *Mbu* ina silabi mbili na mkazo uko juu ya *m*; *mbegu* nayo ina silabi mbili, lakini *m* yake si silabi, imeegemea *b*. Sema yote mawili polepole huku unapiga kofi kila silabi, utalisikia hilo. Kisha sikiliza *b* ya *baba* na *b* ya *mbegu*: wasemaji wengi hutamka ile ya kwanza kwa kuvuta hewa kidogo ndani, ya pili sivyo.

Utaratibu wa zoezi:

a) Rekodi mtu akisema maneno 10 usiyoyajua mapema.
b) Sikiliza mara moja, andika. Sikiliza mara ya pili, rekebisha. Mara ya tatu, funga. Ukizidi hapo, sikio linaanza kukuletea unachokitarajia.
c) Weka karatasi mbali. Kesho yake nukuu upya bila kuangalia ya jana.
d) Hesabu alama zinazolingana, gawanya kwa alama zote, zidisha kwa 100. Ukipata chini ya 80, rudia rekodi hiyohiyo wiki ijayo. Ukiwa juu ya 90, chukua rekodi ngumu zaidi: mtoto, au mtu mwenye meno ya bandia.

Tazama kinachopatikana ukinukuu vizuri. Mtoto wa miaka minne anaonyeshwa picha. *Kuku* anasema [tutu], *gari* anasema [dali], *paka* anasema [pata], *meza* anasema [meza]. Konsonanti ni 8, zilizo sahihi ni 3, yaani asilimia 37.5. Anayesikiliza juujuu ataandika "hatamki vizuri" na kuishia hapo. Anayenukuu ataona kwamba makosa ni matano lakini mitindo ni miwili tu: sauti za nyuma ya ulimi [k] na [g] zinasogezwa mbele zinakuwa [t] na [d], na [r] inakuwa [l]. Ya kwanza inabeba makosa manne kati ya matano, na ndiyo inayogeuza *paka* kuwa *pata*. Ya pili inaweza kusubiri, kwa sababu [r] ni miongoni mwa sauti zinazochelewa katika lugha nyingi. Umeshapata pa kuanzia tiba.

*Angalizo.* Shriberg na Kwiatkowski, walipotoa kipimo cha asilimia ya konsonanti sahihi mwaka 1982, walikikokotoa kutokana na mazungumzo, na chini ya asilimia 50 wakapaita kiwango kikali. Maneno manne yanatosha kwa kujifunzia tu. Usimpachike mtoto kiwango kwa picha nne.

2. Jifunze anatomia kwa kuuliza "kikishindwa, kutatokea nini?"

Kukariri majina ya misuli kunachosha, na baada ya mtihani hakuna kinachobaki. Badala yake, chukua neva za fuvu zinazohusika zaidi na usemi na kumeza, maana fani hii inashughulikia vyote viwili (5, 7, 9, 10 na 12), na kwa kila moja andika mistari mitatu: inaendesha nini, naipimaje, ikiumia naona nini.

Neva ya 12 inaendesha karibu misuli yote ya ulimi. Unaipima kwa kumwambia mtu atoe ulimi. Ikiumia yenyewe, ulimi huelekea upande dhaifu. Neva ya 10 inainua kaakaa laini. Mtu akisema "aaa" na upande mmoja haunyanyuki, kimio (kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya kinywa) huvutwa kwenda upande *mzima*. Wanafunzi huzichanganya hizi mbili kila muhula. Sababu ni rahisi: misuli ya ulimi inausukuma nje, ya kaakaa inavuta juu. Upande mzima ukisukuma peke yake, ulimi unaishia upande wa pili. Ukivuta peke yake, kimio kinaufuata.

Kwa neva ya 7, mwambie mtu akunje paji la uso. Katika kiharusi kilichogonga upande mmoja wa ubongo, mdomo unaweza kulegea huku paji likikunjika, kwa kuwa sehemu ya juu ya uso hupokea amri kutoka pande zote mbili za ubongo. Neva yenyewe ikiumia, paji nalo halikunjiki.

Na usiiache njia ya tawi la neva ya 10 linalorudi kwenye zoloto, kisanduku cha sauti kilichopo shingoni. La kushoto hushuka hadi kifuani, likapita chini ya upinde wa aota, mshipa mkuu wa damu utokao moyoni, ndipo likapanda tena. Ndiyo maana sauti ikikauka ghafla bila mafua, tatizo linaweza kuwa kifuani au kwenye tezi ya thairoidi, si kooni. Mtu ambaye sauti yake imekauka kwa wiki kadhaa lazima aonwe na daktari wa masikio, pua na koo kabla hujamfanyisha zoezi lolote la sauti.

Mwili wako mwenyewe ni maabara. Weka vidole kwenye zoloto useme [s] ndefu kisha [z] ndefu: kwenye [s] hakuna mtetemo, kwenye [z] upo. Meza mate, uhisi zoloto linavyopanda. Weka kioo chini ya tundu za pua useme "papapa": kioo kisishike ukungu. Sema "mamama": kishike. Mtoto ambaye kioo chake kinashika ukungu kwenye "papapa" anavujisha hewa puani, na kaakaa lake lichunguzwe.

3. Jua ukuaji wa kawaida.

Hapa hapahitaji maelezo marefu, panahitaji kukaa na watoto. Omba ruhusa ya kutazama darasa la chekechea. Alama za hatari zikae kichwani: mtoto hajabwabwaja hadi miezi 12; hana neno hadi miezi 16; haunganishi maneno mawili ya kwake hadi miezi 24; au amepoteza lugha aliyokuwa nayo, kwa umri wowote. Kwa kueleweka na mtu asiyemzoea, makadirio ya kliniki ni nusu ya maneno kwa miaka 2, robo tatu kwa miaka 3, na karibu yote kwa miaka 4.

Kila mtoto aliyechelewa kusema apimwe masikio kwanza. Kila mtoto. Hata kama mzazi anasema "anasikia, nikimwita anageuka". Anaweza kuwa anageukia sauti nzito huku hasikii sauti za masafa ya juu kama [s] na [f].

4. Chukua sampuli ya mazungumzo na uichambue.

Hii ndiyo kazi itakayokutofautisha na wenzako, na wengi huikimbia kwa sababu inachukua muda. Dakika 15 za mazungumzo huweza kukulia saa mbili za kuandika. Zikubali.

a) Andaa vitu viwili au vitatu vya kuchezea vyenye hadithi ndani yake: gari na watu, vyombo vya kupikia. Kitabu cha picha kinaleta majina matupu.
b) Usiulize maswali ya "hiki nini?" wala ya ndiyo na hapana. Sema unachokiona, kisha nyamaza. "Gari limeanguka…" halafu hesabu kimoyomoyo hadi tano. Ukimya huo ni mgumu kwa anayeanza, lakini ndio unaozaa kauli ndefu.
c) Pata kauli 50 zinazoeleweka, 100 ni bora zaidi.
d) Andika kila kauli kwenye mstari wake, kama ilivyosemwa. Mtoto akisema "kitabu yangu", andika "kitabu yangu". Kukisahihisha ni kukifuta kile hasa ulichokuja kukitafuta.
e) Hesabu urefu wa wastani wa kauli.

Kwenye (e) ndipo wanafunzi wanaosoma kwa vitabu vya Kiingereza hupotea. Chukua kauli "sijamwona". Ukihesabu maneno, ni moja. Ukihesabu mofimu, yaani vipande vidogo vya neno vyenye maana au kazi, ni tano: si-ja-mw-on-a. "Mama ananipikia" ni maneno mawili, lakini mofimu saba: mama, kisha a-na-ni-pik-i-a. Mtoto aliyetoa kauli 50 zenye maneno 85 ana wastani wa maneno 1.7, na ukiishia hapo utasema amechelewa. Kauli hizohizo zikiwa na mofimu 210, wastani ni 4.2, nawe unaona mtoto anayecheza na viambishi vya nafsi, wakati na kutendea bila shida.

Amua kanuni zako mapema na uziandike juu ya ukurasa. Je, irabu ya mwisho *-a* inahesabiwa? Je, *kitabu* ni mofimu moja au mbili? Kanuni yoyote yenye mantiki inafaa, mradi usiibadilishe katikati.

*Angalizo.* Jedwali la hatua alilotoa Roger Brown mwaka 1973 lilitokana na watoto wanaosema Kiingereza. Usichukue 4.2 yako ukaiweka humo. Linganisha mtoto na watoto wa rika lake wanaosema lugha ileile, au mlinganishe na yeye mwenyewe miezi mitatu baadaye.

5. Rekodi kwa kiwango kinachoweza kupimwa.

WAV, Hz 44,100, biti 16. Kipaza sauti sm 15 kutoka mdomoni, pembeni kidogo, ili pumzi ya [p] isikipige moja kwa moja. Zima feni na friji. Sikiliza sekunde 10 za ukimya wa chumba kabla ya kuanza. Kama unasikia mngurumo, Praat nayo itausikia.

Kwa sauti, mwombe mtu avute [a] kwa kiwango cha kawaida kwa sekunde 5, kisha pima sehemu ya katikati, uache mwanzo na mwisho. Katika Praat weka mipaka ya masafa: Hz 75 hadi 300 kwa wanaume, 100 hadi 500 kwa wanawake, juu zaidi kwa watoto. Kipimo kingine rahisi ni kuvuta [s] kisha [z] kwa pumzi moja kila sauti, mara tatu tatu, ukichukua ndefu kuliko zote. Gawanya muda wa [s] kwa wa [z]. Nyuzi za sauti zikiwa nzima, jibu hukaribia 1. Likizidi 1.4, kuna uwezekano nyuzi hazifungani vizuri, na mtu huyo aelekezwe kwa daktari. Kipimo hiki kinakupa shaka tu. Utambuzi wa ugonjwa ni kazi ya anayeziona nyuzi zenyewe.

6. Saa za kutazama: nenda na kazi ya kufanya.

Mwanafunzi anayekaa kona na kutabasamu hutoka na saa kwenye fomu na kichwa kitupu. Gawa ukurasa safu tatu: mtaalamu alifanya nini, mteja aliitikiaje, kwa nini, unadhani. Safu ya tatu muulize msimamizi baada ya kikao, kamwe si mbele ya mteja.

Kwa dakika tano za kila kikao, hesabu: majaribio mangapi, sahihi mangapi, na msaada gani ulitolewa kila mara. Kwa mwenye kigugumizi, hesabu silabi. Ukiwa na silabi 300, na 21 kati yake zina kukwama, kurefushwa au kurudiwa kwa sauti, hiyo ni asilimia 7. Usihesabu "aa" za kawaida wala sentensi iliyoanzwa upya. Kila mtu anafanya hivyo. Na angalia uso na shingo: wapo wanaokwama mara chache lakini kwa mapambano makubwa, na asilimia pekee haitawatendea haki.

Jizoeze kuandika lengo linalopimika. "Kuboresha matamshi" si lengo. Hili ni lengo: "Atatamka [k] mwanzoni mwa neno mara 8 kati ya 10, akiona picha tu bila kuigiziwa, katika vikao 2 mfululizo."

Saini ya msimamizi ipatikane siku ileile. Kwenye daftari usiandike jina la mteja, andika herufi na umri. Usipige picha wala kurekodi bila ridhaa iliyoandikwa, na kwa mtoto ridhaa ni ya mzazi au mlezi.

7. Kumeza: jifunze vipimo, usimguse mgonjwa peke yako.

Kamwe usimpe mgonjwa maji au chakula "kumjaribu" bila msimamizi kando yako. Kitu kikiingia njia ya hewa kinaweza kuleta nimonia, na wapo ambao kinawaingia bila hata kukohoa. Kwa hiyo kikohozi kutokuwepo si ushahidi wa usalama. Ndiyo sababu kuna uchunguzi wa eksirei ya video na wa kamera ya puani.

Unachoweza kukifanya mwenyewe ni kupima uzito wa vinywaji (si kilo, bali jinsi vinavyotiririka) kwa mfumo wa kimataifa wa IDDSI, wenye ngazi 0 hadi 7. Toa kisukumio kwenye bomba la ml 10, ziba ncha kwa kidole, jaza hadi 10, achia kidole kwa sekunde 10 kamili, ziba tena, soma kilichobaki. Chini ya ml 1 ni ngazi ya 0; ml 1 hadi 4 ni ngazi ya 1; 4 hadi 8 ni ya 2; zaidi ya 8 lakini kimetiririka kiasi ni ya 3; kisipotiririka kabisa, hapo ni ngazi ya 4, inayothibitishwa kwa uma na kijiko.

Mabomba hayafanani. Pima kwa rula: kutoka alama ya 0 hadi ya 10 iwe mm 61.5. Bomba fupi na pana hutoa jibu la uongo. Pima pia kinywaji kikiwa katika joto lile kitakalonywewa nalo, na baada ya kusubiri muda ulioandikwa kwenye kopo la kiongeza uzito. Baadhi huendelea kuganda kadiri vinavyokaa.

8. Takwimu: elewa angalau kipimo cha uchunguzi wa awali.

Tuseme kipimo kinanasa asilimia 80 ya wenye tatizo, na kinawaacha salama asilimia 80 ya wasio nalo. Kinasikika kizuri. Kipitishe kwa watoto 100, ambao 10 kati yao wana tatizo kweli. Kitanasa 8 na kupoteza 2. Kati ya 90 wazima, kitawatia shaka 18. Una watoto 26 mkononi, na 8 tu ndio wenye tatizo. Ukiielewa hesabu hiyo, hutamwambia mzazi "mtoto wako ana shida ya lugha" kwa sababu ya fomu ya dakika kumi.

9. Mwaka wa mwisho.

Kusanya fomu za saa zako, utunze nakala mbili. Kama unahitaji uzamili, omba barua za mapendekezo kwa wanaokujua kikazi, miezi miwili kabla, ukiwapa sampuli uliyochambua mwenyewe. Mhadhiri akiwa na kazi yako mkononi ana cha kuandika zaidi ya "ni mwanafunzi mzuri".

Mambo yakikwama

*Unukuzi wangu na wa mwenzangu haulingani kabisa.* Angalieni kwanza kama mmoja ameandika fonimu (sauti zinazotofautisha maana katika lugha) kwenye mistari ya mshazari na mwingine sauti halisi kwenye mabano ya mraba. Mara nyingi mmesikia sawa ila mmeandika viwango tofauti. Kama bado, angalieni ni sauti zipi. Zikiwa zilezile kila mara, mathalani [θ] na [s], huo ni udhaifu wa sikio la mmoja wenu. Fanyeni mazoezi ya jozi hiyo peke yake kwa wiki.

*Mtoto amenyamaza dakika zote 15.* Kaa sakafuni, punguza maswali hadi sifuri, mpe mzazi nafasi yako, wewe ukae mbali, kinasa sauti kikiendelea kurekodi. Akinyamaza tena, andika kwamba alinyamaza na katika mazingira gani. Hiyo nayo ni taarifa.

*Praat inaonyesha masafa yanaruka maradufu au yanashuka nusu.* Karibu kila mara ni mipaka ya masafa. Inua kikomo cha chini ikiwa mstari unaanguka nusu, shusha cha juu ikiwa unaruka. Kama sauti yenyewe ni ya kukwaruza sana, usitafute namba. Ieleze kwa maneno na kwa mizani ya kusikiliza kama GRBAS, inayotoa alama 0 hadi 3 kwa kila sifa.

*Msimamizi anasema ripoti yangu ina hukumu.* Pitia vitenzi vyako. "Alikataa kushirikiana" ni hukumu. "Aligeuka mara 6 kati ya 10 alipoonyeshwa picha" ni kilichotokea. Tafsiri iwe kwenye kifungu chake, baada ya yaliyoonekana.

*Nakutana na mwenye kigugumizi nashindwa kuvumilia, namalizia neno lake.* Shusha macho yasikodolee mdomo lakini yasimkimbie, pumua, subiri. Usimwambie "tulia" wala "sema polepole". Anayeambiwa hivyo husikia kwamba muda wake umekwisha.

*Mtoto anasema lugha mbili au tatu, sijui nipime ipi.* Zote anazotumia, kwa msaada wa mkalimani au mwanafamilia pale usipoijua lugha. Tatizo la kweli la lugha hujitokeza katika zote. Likionekana kwenye lugha moja tu aliyoanza juzi, huyo anajifunza lugha. Na anayebadilisha [l] na [r] kwa sababu lugha yake ya kwanza haizitenganishi ana lafudhi, haumwi. Usimwambie mzazi aache lugha ya nyumbani ili mtoto "asichanganyikiwe". Ushauri huo hauna msingi, na unaweza kumnyima mtoto lugha anayozungumza na bibi yake.

*Saa zangu zimekataliwa.* Sababu huwa moja kati ya hizi tatu: msimamizi hakuwa na usajili hai siku hiyo, fomu haionyeshi aina ya kazi na umri wa mteja, au saini imewekwa wiki kadhaa baadaye. Ya kwanza haina tiba, kwa hiyo omba namba ya usajili ya msimamizi siku ya kwanza ya mafunzo na uiandike kwenye jalada la daftari. Mbili zilizobaki zinarekebishika ukimpata msimamizi kabla hajahama kituo.